Kuhusu Pétronille, Mliyenirudishia Akiwa na Maneno Yake

Kimanga, Uvira
Tarehe 11 Septemba 1956

Kwa Masere Mkuu wa watawa,
Shule ya Ufundi ya Wasichana Wasiosikia

Masere Mkuu mheshimiwa,

Kabla ya yote nakujulisha kwamba hapa nyumbani wote ni wazima, isipokuwa mimi. Siumwi mahali popote. Ni malalamiko tu, nami nimeyapanga kwa namba ili usipate taabu ya kuyatafuta.

Jina langu ni Firmin. Ni kapita wa hangari ya pamba hapa Uvira, msimamizi wa mizani, mwaka wa kumi na nne sasa. Nimebatizwa, nimefunga ndoa kanisani, na nina watoto watano. Wa kwanza ni Pétronille, mliyekaa naye miaka mitatu. Alipokuwa mdogo, hajatimiza hata miaka minne, alishikwa na homa ya siku tisa, na homa ilipoondoka iliondoka na masikio yake. Watu wengine walinishauri nimpeleke kwa bibi yake huko milimani akakae na mbuzi. Nilikataa. Naomba jambo hilo liandikwe katika daftari lenu, kama mna daftari la mambo mazuri.

Badala ya kumpeleka milimani nikawa kinywa chake. Kwa miaka kumi na mitatu mtu akitaka kujua Pétronille anasema nini, aliniuliza mimi, nami nilimjibu bila kumchelewesha. Pétronille anapenda ugali wa muhogo. Pétronille hataki kwenda ziwani na wenzake. Pétronille amefurahia kitambaa hicho, asante. Katika miaka hiyo yote sikupata kutoka kwake lalamiko hata moja.

Padri wa parokia yetu alipokuja kutupa habari za shule yenu, mimi ndiye niliyetia sahihi. Nakala ya karatasi ile ninayo hapa mezani. Imeandikwa: kushona, kufuma, kupika, usafi wa nyumba, kusoma na kuandika. Nimeisoma mara nyingi tangu aliporudi mwezi wa sita, mbele na nyuma. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba atafundishwa kukataa.

Sasa malalamiko yenyewe.

1. Juu ya siku aliyofika. Kamyo ilimshusha karibu na soko, yeye na sanduku lake na masini ya kushona mliyompa. Majirani walikuja wengi. Sylvestre, rafiki yangu anayepima pamba pamoja nami hangarini, akauliza kama siku zote, "Mtoto anasema nini?" Nikajibu, "Anasema amechoka, na anawasalimu wote." Pétronille alikuwa ananitazama usoni. Akatoa kibao cheusi mfukoni, akaandika kwa chaki, akampa Sylvestre. Na Sylvestre, ambaye hajui wakati wa kunyamaza, akasoma kwa sauti: "Sikuchoka. Nina njaa. Mama yuko wapi?"

Watu walicheka. Hilo ningelivumilia. Lakini kisha alinigeukia, akafungua kinywa, akasema, "Baba." Alilisema kwa sauti nzito, kama mtu anayesukuma mlango uliovimba kwa mvua. Masere, neno lile nililisikia kwake mara ya mwisho kabla ya homa. Nililazimika kukaa juu ya sanduku lake mbele ya watu wote, na mpaka leo kuna wanaosema kwamba kapita ana ugonjwa wa moyo. Ninyi mna karatasi na mna wino. Mngeweza kuniandikia mapema kwamba jambo la namna hiyo lingetokea.

2. Juu ya macho yake. Mmemfundisha kusoma midomo ya watu. Zamani chumba alichokaa Pétronille kilikuwa chumba kisicho na mtu. Wanaume wenzangu walipenda kuongelea kwangu kwa sababu hiyo. Walisema mambo ya nyumba zao huku yeye akichambua maharage miguuni pao, na hakuna neno lililotoka nje. Mwezi wa saba nilimwambia Sylvestre, mbele ya Pétronille, kwamba sombe ya Agathe, mke wangu, majani yale ya muhogo anayotwanga, siku hizi ina ladha ya maji ya kuoshea mtumbwi, na kwamba Jumamosi iliyopita nilikula kwake kwa makusudi. Sikunong'ona, maana sikuona sababu. Jioni ile Agathe akaniletea sombe. Kesho yake sombe. Siku ya tatu nikamwuliza sababu, akanijibu kwa upole kabisa, "Ni maji ya mtumbwi, Baba Pétronille. Kama hauyapendi, ukaseme kwa Sylvestre."

Nilitaka kujua kama Pétronille anasoma midomo ya kila mtu. Agathe anasema hapana, wengine wanamshinda, hasa wenye ndevu na wale wanaotafuna. Yangu ndiyo anayoisoma bila kosa, kwa sababu ndiyo aliyoitazama muda mrefu kuliko yote. Nimejaribu kufuga ndevu. Haziji.

3. Juu ya mikono. Nimeambiwa kwamba ninyi wenyewe mnawakataza wanafunzi kuongea kwa mikono darasani, na kwamba wanafundishana bwenini wakati Masere wa zamu amegeuka. Basi jueni kwamba bwenini wanajifunza vizuri sana. Pétronille amewafundisha mama yake na wadogo zake wote wanne. Nyumba hii ilikuwa na maneno mengi, karibu yote yangu. Sasa tunakaa kwenye chakula, mikono inaruka juu ya sahani, watu sita wanaongea pamoja, na mimi nasikia kijiko changu. Kisha wanacheka. Siku moja nikauliza, "Munacheka nini?" Agathe akapangusa macho, akasema, "Ni maneno marefu, Baba Pétronille. Nitakuambia kisha." Hajaniambia mpaka leo.

Maneno hayo, nitakuambia kisha, nayajua. Ndiyo niliyokuwa nikimwambia Pétronille kwa kupunga mkono, watu walipocheka naye akanivuta shati. Sikuyatengeneza kwa ajili ya kutumika kwangu.

4. Juu ya wanawake wa ufukweni. Ugonjwa huu umetoka nje ya nyumba. Agathe hununua ndagala, samaki wadogo wa ziwa letu, asubuhi kwenye mitumbwi, na amewafundisha wenzake. Sasa mtumbwi ukiwa bado mbali, mwanamke aliye juu ya jiwe anawaonyesha walio chini kama umejaa au hauna kitu, na mvuvi anafika pwani akiwakuta wameshakubaliana. Wavuvi wawili wameniletea mashtaka, kana kwamba mikono ile ni yangu.

5. Juu ya Nduwimana. Hili ndilo kubwa, Masere, nakuomba uketi.

Nduwimana ni mtu wa Bwegera, ana mashamba ya mpunga, amefiwa na mke. Kwa miaka tunalingana, yeye na mimi. Pétronille alipokuwa bado kwenu, tulikuwa tumeongea posa yake, na maneno yote yalikuwa yamekwisha isipokuwa siku. Alikuja tarehe kumi na tano ya mwezi wa nane, baada ya misa ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, amevaa koti, amebeba pombe ya ndizi na mfuko wa mchele. Tukaketi. Pétronille akawa anamimina.

"Minye nilishachoka na wanawake wenye kujibu," Nduwimana akaniambia. "Ule wa kwanza, Mungu amuhurumie, alikuwa anajibu mpaka katika usingizi. Huyu iko kimya kweli?"

"Iko kimya tangu utoto," nikamjibu. "Na amekubali. Nilimwuliza mwenyewe, alifurahi sana."

Hapa lazima niseme ukweli, kwa kuwa namwandikia mtu wa dini. Sikumwuliza. Wala sikuona kwamba ni uongo. Nilikuwa nimemjibia mambo mengi maishani mwake, na hili niliona ni moja zaidi.

Pétronille aliweka kibuyu chini taratibu, akahakikisha kimesimama. Akachukua kibao chake, akaandika, akampa Nduwimana. Nduwimana hajui kusoma. Alikigeuza huku na huku, kisha akaniletea mimi. "Unisomee, Firmin. Anasema nini?"

Masere, swali hilo nimeulizwa mara ambazo siwezi kuzihesabu, na halijawahi kunishinda. Kibao kilikuwa mkononi mwangu. Mgeni hajui herufi. Agathe alikuwa jikoni. Ningeweza kusoma kwamba anamkaribisha mgeni, au kwamba anaomba radhi kwa pombe iliyomwagika, na maneno yangeishia hapo. Ila Pétronille alikuwa amepiga magoti mbele yangu, karibu sana, anatazama midomo yangu. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja tu, kama wakulima wanavyongoja mbele ya mizani yangu, wakitaka kuona kama kapita atasoma namba ile ile wanayoiona wao.

Nikasoma kama ilivyoandikwa. "Nani amekubali? Mimi sikuulizwa."

Nduwimana alikitazama tena kile kibao. Kisha akasema, bila ukali, "Firmin, weye ulisema iko kimya."

"Alikuwa kimya," nikasema.

"Basi amepona." Akasimama atafute kofia yake.

Na hapo, Masere, ndipo nilipoona elimu yenu kwa ukamilifu wake. Mimi nilikuwa nimeketi na aibu yangu, sijui niweke wapi mikono. Pétronille alimwendea yule mtu ambaye yeye alikuwa ametoka kumkataa, akamshika mkono, akamwonyesha kwapa la koti lake lililopasuka, pengine tangu mke wake alipokufa. Akaonyesha masini. Nduwimana akavua koti. Alingoja akiwa na shati tu, akinywa pombe aliyoileta mwenyewe, na koti liliporudi alilivaa, akainua mikono juu mara tatu, akasema kwamba halikumkaa hivyo hata lilipokuwa jipya. Wakashikana mikono. Akaenda zake Bwegera. Kwa hiyo mmenipotezea mkwe, na hata hakuondoka na kinyongo ambacho ningeweza kukitumia.

6. Juu ya baraza. Masini ya kushona imewekwa kwenye baraza langu, mahali pa kiti changu. Kuna ubao umeandikwa kwa rangi nyeupe: PÉTRONILLE, FUNDI WA NGUO. Nilitegemea kuona mahali fulani jina la baba, hata kwa herufi ndogo. Halipo.

Sikukasirika. Nilijua atahitaji mtu wa kumsemea kwa wateja, kwa hiyo juma la kwanza nilikaa pembeni yake kila nilipotoka kazini, tayari. Mke wa mwalimu alikuja na kitambaa cha gauni. Nikafungua kinywa. Mke wa mwalimu akamwonyesha urefu kwenye mguu wake, Pétronille akamchorea shingo mbili kwenye kibao, mke wa mwalimu akagusa moja, mambo yakaisha. Nilifunga kinywa. Ilikuwa hivyo kwa kila mtu. Walinisalimu, kisha wakaongea kunipita, kama mtu anavyozungumza kupita kichwa cha mtoto. Ijumaa Pétronille aliniangalia kwa muda, akaingia ndani, akatoka na kopo la vifungo, akaniwekea magotini. Alitaka nivipange.

Nimevipanga kwa siku nne, kwa ukubwa na kwa rangi. Vyenye matundu mawili viko mbali na vyenye manne. Najua kazi ya kupanga, mimi ni kapita. Lakini nakuuliza, Masere, kama hayo ndiyo yaliyotarajiwa.

7. Juu ya jambo nililoligundua nikipanga vifungo. Niliona kwamba ninamkosa. Siyo huyu aliyerudi, huyu yupo tu, masini yake inasikika mpaka barabarani. Namkosa yule niliyekuwa naye, ambaye alipenda yote niliyosema anapenda. Nimemtafuta katika uso wa huyu na sikumwona. Juma lililopita nilimwuliza Agathe kama anamkumbuka. Akanijibu, "Baba Pétronille, yule hakuwahi kuwapo. Ulikuwa unaongea peke yako."

Nimeweka neno hilo kuwa lalamiko la saba kwa sababu sikujua niliweke wapi.

Kwa hayo yote, naomba jambo moja kati ya mawili, nanyi mtachagua lililo rahisi.

La kwanza: mumchukue tena kwa muhula mmoja, mumwondolee yote yasiyomo katika karatasi niliyotia sahihi. Kushona mumwachie. Kufuma pia. Midomo, mikono na kibao viondolewe. Sijui inavyofanyika, lakini aliyejua kuweka atajua kutoa. Lile neno alilosema aliposhuka kwenye kamyo mnaweza kuliacha.

La pili, kama la kwanza halina dawa: mfungue idara ya akina baba. Ninyi ni shule ya ufundi. Mtu akipoteza uwezo fulani, mnamtafutia njia nyingine na kazi nyingine ya kumsimamisha. Mimi nilikuwa na kazi ya kumsemea mtu. Niliifanya miaka kumi na mitatu, sikukosa siku hata moja, na imeniishia bila barua ya kuniaga. Katika nyumba yangu wanaongea na mimi ndiye nisiyesikia. Kwenye baraza langu wanaelewana na mimi ndiye nisiyeelewa. Ukisoma masharti yenu ya kupokea wanafunzi, ambayo Padri alitusomea kanisani, utaona kwamba ninayatimiza yote isipokuwa kuwa msichana. Nina miaka arobaini na saba, nina afya, naweza kulala bwenini, na nimeambiwa kwamba bwenini ndiko mafunzo yanakoingia haraka.

Ninangoja jibu kwa heshima. Nisalimie Masere wa ushonaji, ambaye sina ugomvi naye kwa kuwa mishono yake haifumuki. Nisalimie mpishi wenu, na yule dereva wa kamyo aliyemshika mkono mwanangu wakati wa kushuka. Wanafunzi wote nawasalimu, na mtawaambia kwa njia mnayoijua. Agathe anawasalimu. Watoto wanawasalimu. Pétronille naye anawasalimu. Nilimwuliza kwanza, ndipo nikaandika.

Ni mimi, mwenye uchungu na mwenye kuwaheshimu,

Firmin,
kapita wa pamba, Kimanga

Nyongeza. Naomba sehemu hii uisome kabla ya zile za juu. Barua ilikuwa imefungwa, inangoja kamyo ya posta, nami nimeifungua tena kwa sababu ya jambo la jana.

Jana alikuja hangarini mkulima wa Luvungi, jina lake Térence, analeta pamba. Alikuwa na binti yake, Consolate, wa miaka saba, amemkalisha juu ya magunia. Nilimwuliza mtoto jina lake. Térence akajibu. Nikamwuliza mtoto kama ana kiu. Térence akajibu kwamba hana, amekwisha kunywa njiani. Wakati huo ndipo nilipoona kwamba mtoto hakugeuka hata mara moja kwa sauti zetu, ila macho yake yalikuwa yanatoka kwenye kinywa changu yanakwenda kwenye kinywa cha baba yake, yanarudi. Nikateka maji nikampa. Alikunywa kikombe chote bila kupumua, akaninyooshea tena.

Nikamwachia Sylvestre mizani, nikawaleta hapa nyumbani. Pétronille alisimamisha masini, akakaa chini na mtoto. Kabla Agathe hajamaliza kupika, Consolate alikuwa anajua kusema maji, na mama, na bado. Lile la bado alilipenda sana, alilisema kwa mikono kila tulipotaka kumwondoa.

Térence alinishukuru, akasema hakuna haja ya mambo mengi, mtoto wake anamwelewa vya kutosha. Nilimwambia kwamba mimi pia nilimwelewa wangu vya kutosha, na sasa nimeanza kumfahamu. Nikamwambia kuna shule, naijua, ni nzuri, na Masere wake nitamwandikia mwenyewe. Ndiyo barua hii.

Mtuwekee kitanda kimoja, cha mtoto. Kile nilichoomba kwa ajili yangu kinaweza kungoja. Tunapanda kamyo ya Jumatatu, Térence, Consolate, mimi, na Pétronille, ambaye anasema siku za kwanza ndizo ngumu na anataka kulala naye bwenini mpaka azoee. Ameniambia hivyo mwenyewe, kwa mikono, polepole, akarudia mara tatu mpaka nikashika.

Térence bado ana wasiwasi. Ameniuliza, huko shuleni, ni nani atakayekuwa anamsemea mtoto wake.

Nilimwambia, hakuna mtu.

Akamchukua mtoto magotini. Kisha akauliza kamyo inaondoka saa ngapi. Jumatano tutakuwa mlangoni kwenu.